Presi ya kasi ya nini, na hata risasi 50 hujawahi kujaza

Nianze na mama. Mwaka juzi nilimpigia video nikamzungusha gereji yangu hapa Ohio, nikamwonesha meza, mizani, makopo, halafu kwa madaha nikasema na hii mama ndo baruti yenyewe. Kimya. Nikadhani mtandao umekata, kumbe mama anahema. "Baruti? Ndani ya nyumba yenye watoto?" Sasa sisi kwetu Tanga ukitaja baruti mtu anawaza wale jamaa wa kulipua samaki, na kila mtaa una mtu anamfahamu mvuvi aliyebaki na mkono mmoja, kwa hiyo nilitumia nusu saa nzima kumweleza kwamba hii sio ile, hii ni baruti isiyo na moshi, ukiimwaga kidogo ukaiwasha mahali pa wazi inawaka tu kwa fujo na kuisha, kasheshe inaanza ukiifungia sehemu ndogo isiyo na pa kutokea, na ndani ya ganda la risasi ndo hapo hasa tunapoifungia. Hiyo sentensi ya mwisho nadhani nilikosea kuisema. Akajibu "haya mwanangu, Mungu akulinde", ile haya ya kufunga mjadala.

Kwa wasiojua, ni hivi. Mi nalenga shabaha kwa bastola, na risasi zangu najaza mwenyewe kwa mashine ya mkono tunayoiita presi. Ganda la shaba lililokwisha pigwa unaliokota, unalisafisha, unatoa praima ya zamani pale kwenye kitako (ile kofia ndogo inayogongwa na sindano ikatoa cheche), unalibana lirudi kwenye saizi yake, unaweka praima mpya, unapanua mdomo kidogo, unatia baruti, unakalisha kichwa cha risasi, unabana mdomo. Basi. Hapa Marekani kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu, leseni ni pale unapotengeneza za kuuza. Ila wewe uliyekuja na viza ya masomo au ya kutembea usinisikilize kabisa, kwa kawaida huruhusiwi kushika silaha wala risasi zake, kuna misamaha kama leseni ya uwindaji lakini muulize wakili sio mimi. Mi nilipata grinikadi kwanza ndo nikaanza. Na jamaa yangu wa Nairobi anayepiga mechi za IPSC (kulenga shabaha huku unakimbia, saa inahesabu) aliponiuliza kama anunue mizani nikamwambia aache, kule cheti chako kinataja mpaka idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, usije ukaanza kuigiza mtu wa Ohio.

Mara ya kwanza kulenga ilikuwa JKT, mujibu wa sheria, risasi chache tu za SMG, na kila ganda linahesabiwa, likipotea moja mnapiga magoti kwenye majani mpaka lipatikane. Huku nilivyoingia klabu mara ya kwanza nikakuta maganda yametapakaa chini kama maganda ya karanga uwanjani, watu wanayakanyaga, wengine wanayafagia. Nilishtuka. Mpaka leo mi ndo yule mtu anayebaki mwisho ameinama anadonoadonoa kama kuku kwenye mchele.

Sasa niingie kwenye nililotaka kusema, maana kila wiki kuna mtu anakuja pale klabu, kijana, kapiga mechi mbili, na swali lake la kwanza ni anunue presi gani ya kasi. Namaanisha zile ambazo kila ukivuta mkono sahani inazunguka, ganda linasogea hatua moja, na kila mvuto risasi moja kamili inadondoka kwenye bakuli. Mia tano, mia sita kwa saa ukizoea. Msimamo wangu ni kwamba mtu huyo asiuziwe hiyo mashine. Anunue presi ya hatua moja, ya kizamani, nzito, yenye kalibu moja (kile chuma kinachofanya hatua moja ya kazi) kwa wakati mmoja, asage nayo mwaka mzima. Najua naonekana mzee. Sina hata miaka arobaini.

Nimefika hapa kwa kosa langu mwenyewe. Mi mwenyewe nilianza na ya kasi. Niliinunua mtumba kwa mtu, nikaangalia video nne, nikaanza kumwaga risasi za 9mm kama mtu anakoboa mahindi. Siku moja ganda likakwama, nikarudisha mkono nusu, nikatoa kitu, nikasukuma tena, nikaendelea, sikuwaza. Jumamosi yake kwenye mechi, katikati ya kukimbia kutoka shabaha moja kwenda nyingine, bastola ikatoa sauti ya ajabu, sio mlio, ni kama mtu kafungua soda. Mwamuzi nyuma yangu akapiga kelele nisimame. Nilikuwa na hasira kweli, saa inahesabu, kidole kiko tayari kuvuta tena. Tulipoifungua bastola kichwa cha risasi kimenasa katikati ya mtutu. Lile ganda halikuwa na baruti hata punje, praima peke yake ndo ilisukuma. Wanaiita skwibu. Ningepiga inayofuata ingekutana na kizuizi humo ndani, mtutu ungevimba au kupasuka mkononi kwangu.

Nilikuwa na 600 za kundi lile lile nyumbani. Nikapata wazo la kijanja, nipime kila risasi nzima kwenye mizani, nyepesi nizitoe. Nikamwambia mzee mmoja wa pale klabu, mtu aliyeanza kujaza kabla mi sijazaliwa, akacheka mpaka akakohoa. Maganda ya kampuni tofauti yanapishana uzito, vichwa navyo vinapishana, wakati baruti yenyewe ndani ni greini chache tu, na greini moja ni gramu 0.065 hivi, kwa hiyo mizani haiwezi kukwambia tofauti imetoka wapi. Dawa ikawa ni nyundo. Kuna nyundo ya plastiki, unafungia risasi kwenye kichwa chake, unagonga sakafu, inajitapika yenyewe. Mara 600. Mke wangu alihamia kwa dada yake wikiendi ile, anasema ni kwa sababu nyingine lakini mi najua. Na humo ndani, kwenye ya mia tatu na ngapi sijui, nikakuta moja ina chaji, yaani kipimo cha baruti, mara mbili. Ganda la jirani yake mtupu, yeye kala cha wote wawili. Ile ya mtupu ilininyima mechi, hii ingeninyima vidole. Nilizima taa ya gereji nikakaa kwanza kwenye ngazi.

Kwenye presi ya hatua moja hayo yanaweza kutokea, sisemi hayatokei, ila namna ya kazi yenyewe inakukamata. Una kibao cha mbao chenye matundu 50. Maganda yote 50 yanasimama humo kama wanafunzi mstarini, unajaza baruti yote 50, halafu KABLA ya kuweka kichwa hata kimoja unachukua tochi unaangalia ndani ya kila ganda, na macho yanaona haraka sana kina kisicholingana na wenzake. Dakika moja. Ile ya kasi inataka uangalie ganda likipita huku unavuta mkono huku unaweka kichwa huku unasikiliza kama praima imeingia, na anayeanza hajui bado sauti ya kawaida ikoje, sasa atajuaje sauti mbaya? Mkono nao una mambo yake. Ukiwa unaweka praima moja moja unaisikia kwenye kiganja, ile inayoingia kirahisi mno ujue tundu limelegea, ganda hilo tupa. Unapitisha kidole kwenye kitako, praima inatakiwa ikae chini kidogo ya uso, ikichomoza ni tatizo. Nani anapitisha kidole kwenye 600?

Watasema hela. Eti presi ya kasi inajilipa. Jamani. Kwa 9mm tofauti na risasi za dukani za bei ya chini ni senti kadhaa, na hizo senti hubaki nazo, unapiga zaidi, mi sijawahi kukutana na mtu aliyeanza kujaza akatumia hela kidogo kuliko mwanzo. Kwenye .45, zile risasi nene, afueni ni kubwa zaidi, nakubali. Halafu mkumbuke korona ilivyofika, praima nilizokuwa nanunua elfu moja kwa dola thelathini na kitu, 2021 nikaziona kwa dola mia na zaidi, na hapo ni kama umezipata, kuna miezi rafu zilikuwa tupu kama duka la ushirika. Watu wenye presi za maelfu ya dola walizifunika kwa shuka.

Faida ya kweli ya kujaza ni kwamba risasi inakuwa ya kwako, inafanana na mkono wako na bastola yako. Chukua mechi za USPSA, zile za kukimbia na saa hapa Marekani. Kule kuna hesabu wanaiita pawa fakta, uzito wa kichwa kwa greini mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1000. Daraja la chini, maina (sio yule Maina wa Nyeri), ni 125, na meja ni 165. Risasi ya dukani ya greini 124 inaweza kwenda futi 1150, hiyo ni zaidi ya 142, unabeba teke la bure ambalo halikupi hata pointi moja. Ukijaza mwenyewe unachukua kichwa kizito cha greini 147, unakipeleka futi 880 hivi, unapata 129, umevuka na akiba kidogo, na bastola inakusukuma badala ya kukupiga kofi. Hiyo akiba usiibane sana, mechi kubwa wanachukua risasi zako wanazipima kwa kronografu (kipima kasi cha risasi), ukiwa chini ya 125 unaruhusiwa kuendelea kupiga ila matokeo hayahesabiwi. Umesafiri, umelala hoteli, umejaza baruti kwa ubahili, unapiga kama mtalii.

Ila mapenzi yangu mi yako kwenye mashindano ya aina nyingine, bullseye, ya kusimama palepale. Mkono mmoja, mwingine mfukoni, yadi 50, karibu mita 46, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8.5. Dakika kumi kwa risasi kumi. Mechi kamili ni risasi 270 na alama 2700, na kila kiangazi watu wanakusanyika Camp Perry, huku huku Ohio pembeni ya Ziwa Erie, mashindano yanapigwa pale tangu 1907. Huku hakuna pawa fakta. Unatafuta chaji laini kabisa ambayo bado inaweza kurudisha nyuma slaidi (kile chuma cha juu ya bastola), na kichwa chenye bega kali kinachokata karatasi tundu la mviringo safi kama mashine ya kutoboa faili, maana risasi ya pua ya mviringo inachana karatasi, mnaanza kubishana kama imegusa mstari. Mechi 270, mazoezi ya wiki labda 100. Hizo 100 unazijaza jioni mbili kwenye presi ya hatua moja huku redio inaongea. Sasa hiyo kasi ya 600 kwa saa unaipeleka wapi?

Nitawapa haki yao wapigaji wa USPSA. Mtu anamaliza risasi 300 au 400 kwa wiki, ana kazi, ana watoto, huwezi kumwambia akae na kibao cha matundu. Mimi mwenyewe ile ya kasi sikuiuza, ipo, nimeifungia taa juu ya kituo cha baruti na nimebadili baruti nikachukua aina yenye ujazo mkubwa, ukijaza mara mbili inamwagika nje unaiona. Naitumia kwa risasi za mazoezi. Ila nilirudi kwayo baada ya miaka mitatu ya ile ya polepole, na nilikuwa mtu mwingine mbele ya ile mashine, ikikwama siku hizi natoa maganda yote mezani naanza upya, sirudishi mkono nusu. Na chaji siokoti kwa mtu yeyote kijiweni, nafungua kitabu cha watengenezaji, nachukua kiwango chao cha kuanzia, napanda taratibu. Kila kundi jipya natoa mtutu kwenye bastola nadondosha risasi ndani, inatakiwa ilie tok, ikilia vingine hairudi kwenye sanduku.

Kitu kimoja ambacho vijana wanakipuuza kuliko vyote ni risasi. Namaanisha risasi ile madini, sisi lugha yetu haijatofautisha, kinachoua mbali na kinachoua taratibu vina jina moja. Ipo kwenye vichwa, ipo kwenye moshi wa praima, na iko tele kwenye vumbi la ile mashine ya kutikisa maganda kwa makapi ya mahindi. Nilikuwa naiendesha gereji imefungwa kwa sababu ya baridi, huku nakunywa chai. Kipimo cha damu kikarudi juu, daktari akauliza nafanya kazi kiwanda gani. Siku hizi naosha maganda kwa maji, hakuna kula wala kunywa kwenye meza ile, nguo zangu zinafuliwa peke yake na nanawa kwa sabuni maalumu kabla sijamshika mtoto.

Hilo la kipimo nilimsimulia mama, nikajua nimejiongezea kesi. Cha ajabu baruti kaisahau kabisa. Sasa hivi akipiga jioni, kabla hata sijamaliza shikamoo, swali ni moja tu, "umenawa?" Nimenawa mama.