Shemeji Anasubiri Doha

Mimi siasa siipendi, nimelazimishwa na deni. Desemba 2024 nilimkopesha shemeji dola 60 za mabati. Mwezi uliofuata waasi wa M23 wakaingia mji wetu wa Goma, mabenki yakafunga milango, na pesa za shemeji zikabaki humo ndani. "Amani ikirudi, kesho yake nakulipa." Tangu hapo naifuatilia Kongo na Rwanda kuliko mabalozi.

Februari 2025 wakuu wa nchi wakakutana Dar es Salaam kwa ajili ya vita yetu. Nikaenda kwake. "Rais wetu Tshisekedi ameshiriki kwa video," akaniambia. "Na mimi nikulipe kwa video?"

Machi, Tshisekedi na Kagame, rais wa Rwanda, wakakaa ana kwa ana Doha, Qatar. Wamekutana, shemeji akasema, hawajasaini.

Tarehe 27 Juni wakasaini mkataba wa amani Washington. Hapo nilikwenda mbio. Nikamkuta anakula sombe, hata kijiko hakukiweka chini. "Waliosaini ni mawaziri. Mshenga akipeleka posa, harusi imekwisha?"

Tarehe 4 Desemba wakasaini marais wenyewe, Washington, Trump amesimama hapo. Nikavaa koti kabisa. Shemeji akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosea basi. "Washington ni Kongo na Rwanda. Sisi hapa tuko chini ya M23, na M23 wanazungumza na Kinshasa kule Doha. Faili lako liko Doha."

Kinachoniuma ni kwamba ana haki. Wiki haikuisha, mji wa Uvira nao ukachukuliwa na M23. Hata hakunicheka, alinivutia kiti tu.

Mimi sijawahi kuvuka zaidi ya Gisenyi, tena kwa miguu, lakini deni langu limeshafika Qatar na Marekani!

Mwishowe mke wangu akaenda kumkemea kaka yake. Akarudi na dola 10. Noti moja, kona imechanika, tundu halizidi ukucha. Nani ataipokea Goma hii? Nimeitembeza soko la Virunga, kuanzia kwa mama wa samaki sambaza mpaka kwa muuza makala ya kupikia. Kila mmoja anaiinua juani, anaiona ile kona, ananirudishia kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Wakati faranga zao zenyewe zimebandikwa gundi mpaka sura ya mnyama haionekani!

Nikamrudishia shemeji noti yake.

"Itunze tu," akasema. "Amani ikija, benki watakubadilishia."