Kadari ya Tanga, hiari ya Ohio

Sheria ya uhamiaji ambayo Marekani iliipitisha mwaka 1990 ilitenga viza hadi 55,000 kwa mwaka kwa ajili ya watu wa nchi ambazo wahamiaji wake ni wachache, na ikaamua kwamba watu hao wapatikane kwa bahati nasibu. Mwombaji hahitaji kuwa na ndugu kule wala mwajiri anayemsubiri. Anatakiwa awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi unaokubalika, na baada ya hapo kompyuta ndiyo inayoteua nani aendelee na hatua za ubalozini. Mimi niliteuliwa hivyo, nikatoka Tanga nikaja Columbus, Ohio, na tangu nifike nimekuwa nikisikia maelezo mawili ya safari yangu, yote mawili ya nia njema. Nyumbani wananiambia kwamba nilikuwa nimeandikiwa. Hapa wananipongeza kwa ujasiri wa kuamua kubadilisha maisha yangu.

Ukweli wenyewe ni mdogo kuliko maelezo hayo. Nilijaza fomu jioni moja pamoja na rafiki yangu wa mtaani, katika kafe ya intaneti ambayo mwenyewe alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani ili apate kupiga picha kama masharti yalivyotaka. Tulilipa pesa sawa, tukapokezana kiti kimoja, na rafiki yangu, ambaye Kiingereza chake kilizidi changu, ndiye aliyeona kwamba nimeandika mwezi wa kuzaliwa mahali pa siku, akanisahihishia. Kompyuta ikanichukua mimi ikamwacha yeye. Wazee walikwisha kusema kwamba kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga, ila nimegundua kwamba methali hiyo tunamtolea haraka aliyekosa, na ni nadra kumsikia aliyepata akijisemea mwenyewe.

Mwezi Mei 2011 watu wapatao 22,000 duniani kote waliona kwenye tovuti kwamba wamechaguliwa. Kabla mwezi haujaisha matokeo yakafutwa, kwa sababu hitilafu ya kompyuta ilikuwa imewachukua karibu asilimia 90 ya washindi kutoka kwa wale waliojiandikisha siku mbili za mwanzo, ilhali sheria inataka uteuzi uwe wa nasibu kwa waombaji wote. Kura ikarudiwa, na matokeo mapya yakatoka Julai. Kwa hesabu ya Kimarekani, waliowahi walistahili zaidi. Kwa hesabu ya kwetu, walikuwa wameandikiwa. Najua mtu wa Tanga atanijibu kwamba hata kufutwa kwenyewe kuliandikwa, na siwezi kumbishia, maana hakuna tukio lisiloweza kuingia ndani ya kauli hiyo. Lakini kauli inayoeleza kupata na kukosa kwa maneno yale yale haimsaidii mtu kuamua afanye nini kesho asubuhi.

Huku ugenini ugonjwa ni wa upande wa pili. Mwenzangu mmoja ghalani, Mmarekani wa makamo, aliumia mgongo, akakosa kazi miezi mingi, na nyumba ikamponyoka. Siku aliponisimulia alihesabu kwa vidole maamuzi yake mabaya: mwaka alionunua gari kwa mkopo, mwaka alioacha kuweka akiba, na asubuhi ile alipoinua boksi bila kukunja magoti. Nilimwambia kwamba mgongo ni ajali, akatikisa kichwa kama mtu aliyetukanwa. Katika nchi hii karibu nusu ya watu hupata bima ya afya kupitia mwajiri, kwa hiyo maradhi yanayokuondoa kazini yanaweza kukuondolea na matibabu. Utaratibu huo hakuuchagua yeye, wala hakuutaja katika hesabu yake.

Wachumi wao wenyewe wamelipima jambo hili. Kuanzia mwaka 1994 serikali iliendesha mpango katika miji mitano, ikiwamo Chicago na Baltimore, ambamo familia zipatazo 4,600 zilizoishi katika makazi ya umma ziligawanywa kwa kura, baadhi zikapewa vocha, yaani hati za kusaidiwa kodi ya nyumba, ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo na nyingine zisipewe. Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia watoto wale wakiwa wamefika miaka ishirini na kitu, waliona kwamba waliohama wakiwa chini ya miaka 13 walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao kwa asilimia 31 hivi, na waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakuipata faida hiyo. Fikiria ndugu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka kumi na mitano, wenye mama mmoja na barua moja ya ushindi. Hata hivyo si wote waliopewa vocha hizo waliohama. Karibu nusu yao tu ndio waliofunga mizigo. Hiari ilikuwapo, ila ilianzia pale kura ilipoishia.

Nisieleweke kwamba nawasifu watu wa nyumbani kwa unyenyekevu wao. Binamu yangu alifariki katika ajali ya basi lililopasuka tairi mteremkoni. Matangani, chini ya turubai, mjomba alisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na nilimwona shangazi, aliyekuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, akipokea kikombe cha uji. Maneno yale yalifanya kazi ambayo hakuna maneno ya Ohio yangeweza kuifanya. Kisha kijana mmoja aliyenusurika, mkono umefungwa bendeji, akaanza kueleza kwamba waliposimama kula abiria waliziona nyuzi za tairi zimetoka nje, na dereva akaambiwa. Akanyamazishwa asije akakufuru. Hakuna aliyekwenda polisi kuuliza habari za ukaguzi, na mwenye basi aliendelea na biashara yake.

Dini yenyewe haikutufundisha hivyo. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu, au amwache tu na kutegemea. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Na tunaposema kwamba jitihada haiondoi kudura, hatujasema kwamba jitihada iachwe.

Mimi naona tunakosea kubishana kama kweli ni kadari au ni hiari bila kuuliza neno linasemwa lini na linaambiwa nani. Kabla basi halijatoka kituoni, inafaa lugha ya mwenzangu wa ghalani: nani amekagua, nani ameruhusu, nani atawajibika. Baada ya mazishi, mbele ya mama wa marehemu, inafaa lugha ya mjomba. Tanga tumeipeleka lugha ya matanga hadi gereji, na Ohio wameipeleka lugha ya gereji hadi kitandani kwa mgonjwa. Nikilazimishwa kusema kosa lipi ni baya zaidi, nitataja letu, kwa sababu linawaua watu ambao wangeweza kuishi, ingawa najua kwamba na huku asiye na bima hufa.

Mpwa wangu huniandikia kila msimu wa kujaza fomu akitaka siri ya kuchaguliwa. Namjibu yale yaliyo mikononi mwake: ajaze mwenyewe, asimwachie dalali namba yake ya uthibitisho, asijaze mara mbili kwa sababu anayejaza mara mbili huondolewa, na aendelee na chuo chake cha umeme kana kwamba hakujaza kitu. Mara ya mwisho alinijibu kwamba kama ni yake, itakuja. Nikamuuliza kama ameshalipa ada ya muhula.