Asikilizwe kabla jina halijaingia kwenye orodha

Kila ninapotetea haki ya mtu kukata rufaa baada ya kuzuiwa kufanya kazi na watoto, hakosi anayeniuliza niko upande wa nani. Niko upande wa mtoto. Kwa sababu hiyohiyo nataka uamuzi wa kumzuia mtu utokane na ukweli uliochunguzwa vizuri, si na makaratasi yaliyosomwa na mtu ambaye hajawahi kumsikia mtuhumiwa akizungumza.

Huko Uingereza na Wales kazi hiyo inafanywa na Disclosure and Barring Service, ambayo kila mtu huiita DBS. Ndiyo inayotoa vyeti vya kuangalia rekodi za uhalifu, na ndiyo inayotunza orodha mbili: moja ya waliozuiwa kufanya kazi na watoto, nyingine ya waliozuiwa kufanya kazi na watu wazima wasioweza kujilinda. Jina lako likiingia kwenye orodha ya watoto, kufundisha kumekwisha, kulea chekechea kumekwisha, na hata kazi nyingi za kujitolea bila malipo zimekwisha. Kuomba tu kazi ya namna hiyo huku ukijua umezuiwa ni jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5.

Mfumo huu haukuletwa na watu wenye roho mbaya. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunza majengo wa shule. Kabla ya hapo polisi walikuwa wameshapokea tuhuma kadhaa za makosa ya kingono dhidi yake, lakini habari hizo hazikuifikia shule iliyomwajiri. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard ulitoa ripoti mwaka 2004, sheria mpya ikapitishwa mwaka 2006, na DBS yenyewe ikaundwa mwaka 2012. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza jambo linalowashangaza wengi: DBS haihitaji hukumu ya mahakama ya jinai ili ikuzuie. Inajiuliza tu kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea. Unaweza kuachiwa huru mahakamani na bado ukazuiwa. Mimi hilo nalikubali. Baada ya Soham sijui mtu angelipingaje.

Kinachonisumbua ni njia inayotumika kufika kwenye uamuzi, na jinsi njia ya kuupinga ilivyobanwa.

Mara nyingi mambo huanzia kwa mwajiri. Akikuondoa kwenye kazi ya watoto kwa kuamini kwamba ulimdhuru mtoto au ungeweza kumdhuru, sheria inamlazimisha akuripoti DBS. Kuwahi kuacha kazi hakukuokoi, maana hata aliyejiuzulu anaripotiwa ikiwa mwajiri angemwondoa au angeweza kumwondoa. Wapo wanaoacha kazi kimyakimya wakidhani maneno yameishia hapo. Kisha siku moja inakuja barua ya DBS inayosema kwamba inakusudia kukuzuia, ikiwa na nyaraka inazozitegemea na tuhuma zilizoorodheshwa.

Barua hiyo inakupa wiki 8 za kujibu. Ningekuwa na uwezo wa kumwambia kila anayeipokea jambo moja tu, ningemwambia ajibu. Kuiweka barua kabatini kwa hofu au aibu kunaiachia DBS upande mmoja tu wa habari, na itaamua kwa huohuo. Jibu tuhuma moja baada ya nyingine, ukisema lipi lilitokea, lipi halikutokea, na nani alikuwepo. Tafuta ratiba ya zamu, ripoti ya tukio, na barua ya msimamizi aliyekuona ukifanya kazi miaka mingi. Kama kuna lililotokea kweli, usilikane. Eleza lilitokeaje na umebadilisha nini tangu hapo, kwa sababu DBS inatazama hatari ya kesho pamoja na kosa la jana. Wiki 8 zisipotosha, omba muda zaidi kwa maandishi na utoe sababu. (Kuna makosa mazito ambayo ukishatiwa hatiani unazuiwa moja kwa moja, bila hata nafasi ya kujitetea. Hao siwazungumzii hapa.)

DBS ikishaamua kukuzuia, unaweza kukata rufaa ndani ya miezi 3 kwenye Upper Tribunal, mahakama maalumu inayosikiliza rufaa za namna hii. Kwanza unaomba ruhusa. Ukiipata, unasikilizwa na jopo la jaji na wajumbe wawili wenye uzoefu wa kazi na watoto au watu wasioweza kujilinda. Muda wote huo jina lako linabaki kwenye orodha. Sababu za rufaa ni mbili tu: kwamba DBS ilikosea sheria, au kwamba ilikosea katika jambo la ukweli ililolitegemea. Halafu sheria inatamka waziwazi kwamba kama inafaa au haifai mtu huyu azuiwe, hilo si suala la sheria wala la ukweli. Kwa maneno mengine, swali ambalo mtu yeyote angelianza nalo, kwamba je, huyu kweli anastahili kufungiwa, jopo halina ruhusa ya kulijibu lenyewe.

Mawakili wana njia ya kuuzunguka ukuta huo. Wanadai kwamba kizuizi kimezidi kiasi kikilinganishwa na haki ya mtu ya maisha yake binafsi, na kuzidi kiasi huhesabiwa kuwa kosa la sheria. Lakini hata hapo majaji wanapaswa kuupa uzito mkubwa mtazamo wa DBS. Mtu asiye na wakili atasimama na kusema kwa moyo wake wote, "Haikuwa haki," asijue kwamba ametoa hoja ambayo jopo halitakiwi kuipima namna hiyo.

Hebu mfikirie mlezi wa chekechea aliyemshika mtoto mkono kwa nguvu ili asikimbilie barabarani. Mwenzake anasema alimvuta kwa hasira. Yeye anasema alimwokoa. Hakuna kamera. Kesi nzima imekaa kwenye swali la nani anasema kweli, na swali la namna hiyo huwezi kulimaliza kwa kulinganisha karatasi mbili. Inabidi umuulize mtu, umsikilize akijibu, umuulize tena. DBS kwa kawaida haifanyi hivyo. Inaamua kwa maandishi. Mara ya kwanza mlezi huyu kusikilizwa ana kwa ana inaweza kuwa kwenye Upper Tribunal, baada ya jina kuingia kwenye orodha, kazi kupotea na akiba kwisha.

Mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba jopo linaweza kumsikiliza mkata rufaa akitoa ushahidi wake, likamwamini, na kuona kwamba DBS ilikosea. Nilifurahi. Lakini kama kumsikia mtu kunaweza kugeuza ukweli kiasi hicho, kwa nini asisikike mapema? Na tusisahau upande wa pili wa jambo hili: mdanganyifu hodari wa kuandika barua nzuri naye anafaidika na utaratibu wa maandishi matupu. Maswali ya ana kwa ana yangemfichua, na hapo anayelindwa ni mtoto.

Uzito wa kosa unaonekana ukitazama muda. Aliyezuiwa akiwa na miaka 25 au zaidi kwa kawaida husubiri miaka 10 ndipo aombe kesi yake itazamwe upya. Kati ya 18 na 24 ni miaka 5, na chini ya hapo ni mwaka 1. Hali ikibadilika au ushahidi mpya ukipatikana, DBS inaweza kutazama upya kabla ya muda huo, lakini ni juu yako kuishawishi.

Ninachokitaka kinahitaji Bunge kugusa sheria mahali pawili. Tuhuma inayosimama juu ya neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine isiishe kwa kizuizi kabla mtuhumiwa hajahojiwa ana kwa ana na mtu asiye mwajiri wake. Na kile kipengele kinachoizuia Upper Tribunal kupima kama kizuizi kinafaa kiondolewe. Jopo tayari lina wajumbe wawili waliochaguliwa kwa sababu wanaijua kazi hii. Waruhusiwe kujibu swali ambalo ujuzi wao unawawezesha kulijibu.