Programu 16, walimu walewale: chuo chetu kidogo kinakoelekea

Wiki iliyopita mtu alitupia kwenye grupu la darasa letu tangazo la udahili la chuo tulichosoma. Nikalifungua kwa furaha kabisa maana kile ni chuo kidogo, hakisikiki sana, ukikiona mahali moyo unaruka. Nikaanza kuhesabu programu. Sisi tunasoma zilikuwa tano, sasa hivi ziko 16. Zile tano zetu zipo, halafu zimeongezwa za usimamizi, masoko, rasilimali watu, uhusiano wa umma, na nyingine majina yanafanana mpaka unashindwa kujua hii na ile zinatofautiana nini. Nikajiuliza kitu kimoja tu, nani anafundisha?

Jibu nililipata siku mbili baadaye hata sijalitafuta. Nikakutana na Dokta aliyenisimamia riseachi yangu ya mwaka wa tatu. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akanikazia macho, akasema ngoja usiniambie. Akataja jina langu lote, akataja na mada niliyoandika. Miaka tisa imepita! Sikuwa kiongozi, sikuwa wa kwanza darasani, nilikuwa mwanafunzi wa kawaida tu wa nyuma nyuma. Nikamuuliza habari za kazi, akaugusa mkoba aliobeba begani akasema, "Koso sita semista hii, mwanangu." Na tatu kati ya hizo siyo za fani yake, amepewa kwa sababu programu imefunguliwa na mwalimu hajaajiriwa, kwa hiyo anasoma usiku anachokwenda kufundisha asubuhi.

Tangu siku ile sijatulia.

Hebu tupige hesabu pamoja. Koso sita, tuseme kila moja ina wanafunzi 30 tu, hao ni 180. Kila mmoja anafanya testi mbili na mtihani wa mwisho, karatasi 540. Ukiipa kila karatasi dakika 15 za kusomwa kwa akili, siyo kupigiwa tiki, umefika masaa 135 ya kusahihisha peke yake. Semista ya wiki 15 ni masaa tisa kila wiki, kabla hajaandaa lekcha hata moja, kabla hajaingia darasani, kabla hajakaa vikao, kabla hajasimamia riseachi za watu, na usiniulize atafanya saa ngapi utafiti wake mwenyewe ambao ndo anapimwa nao kupanda cheo. Kitu cha kwanza kufa hapo ni zile dakika 15. Zinakuwa tano, zinakuwa mbili.

Na zile dakika ndo chuo chenyewe! Mimi draft yangu ya kwanza ya riseachi ilirudi kutoka kwa Dokta imejaa penseli pembeni, mwandiko mdogo unaobanana. "Hii umeitoa wapi?" "Watu wengi ni wangapi?" "Rudi uwanjani, ongea na watano zaidi." Nilikasirika sana, nikarekebisha juu juu nikarudisha, ikarudi tena na penseli. Mara nne. Mpaka leo nikiandika ripoti kazini nikajikuta nimeandika watu wengi wanaamini, naifuta naanza upya, kwa sababu ya ile penseli. Hakuna maktaba iliyonifundisha hiyo, na maktaba yetu kusema kweli ilikuwa chumba kimoja chenye vitabu vya zamani. Alinifundisha mtu aliyekuwa na muda na mimi.

Chuo kikubwa kina vitu ambavyo kidogo hakitakuja kuwa navyo, maabara, majina, mahusiano na nchi za nje, hilo nakubali. Lakini kile kidogo kina kimoja ambacho kikubwa kinakihangaikia, mwalimu anakujua. Mwaka wa pili nilipotea madarasani wiki nzima, mambo ya nyumbani, ada haijakamilika, nimekata tamaa nimelala tu chumbani. Aliyekuja kunigongea mlango ni mwanafunzi mwenzangu katumwa na mhadhiri wa takwimu, kaambiwa nenda kamtazame, siti yake iko wazi siku ya tatu. Kwenye ukumbi wa watu 400 nani angeiona siti yangu?

Halafu watu wanasema chuo kidogo ni aibu, lazima kikue. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Kitivo kimoja! Hawakuanza na orodha ndefu, walianza na kitu kimoja wakakishika. Caltech ya Marekani, ambayo hakuna anayeibeza kwenye sayansi, wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni kama 1,000 hivi mpaka leo, na wala siyo kwamba wamekosa waombaji. Chuo cha Deep Springs kule California kipo tangu 1917 na wanafunzi wake hawafiki hata 30, wanafanya kazi za shamba na ng'ombe huku wanasoma, na wanakaa kwenye kamati inayochagua walimu wao. Najua hivyo vina hela za wafadhili ambazo sisi hatuna, sisemi tuige kila kitu. Nasema udogo wanaulinda, sisi wetu tunaukimbia.

Najua pia nitakachojibiwa, kwamba ada ndo inalipa mishahara, bila wanafunzi wapya chuo kinafungwa. Sawa. Ni kweli, na mimi siyo ninayelala na presha ya kulipa watu mwisho wa mwezi. Ila mwanafunzi anayeletwa na programu isiyo na mwalimu analipa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anagundua, wa tatu anamwambia mdogo wake asiende pale. Na wale wanaoziba pengo ni walimu wa pati taimu, wengi wazuri tu, lakini anafika saa mbili, saa nne anakimbilia chuo kingine, hana ofisi wala kiti, mwanafunzi mwenye swali anamfukuzia getini. Unamlaumuje? Mpeni mkataba na meza muone kama hatakaa.

Maisha ya pale nayo yanabadilika, wanasema siku hizi vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kujisomea, vimejaa watu wasiojuana. Enzi zetu mhadhiri wa falsafa alikuwa beki wa kulia kwenye timu yetu na mama wa masijala alikuwa anajua nani ana sapu, yaani mtihani wa marudio, kabla matokeo hayajabandikwa. Lilikuwa na kero zake hilo, siri haikai, ukigombana na mtu unakutana naye mara sita kwa siku. Bado ningechagua hivyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakubwa wa chuo ni dogo. Msifungue programu mpaka walimu wake wawili wa kudumu wawe wameshaingia ofisini. Zile mbili tatu ambazo hazina mtu zifungeni, wanafunzi waliomo wamalizieni vizuri, na koso za Dokta zirudisheni ziwe tatu.

Siku ile tulivyokuwa tunaagana nilimuuliza Dokta kama bado anaandika kwa penseli pembeni. Akafungua mkoba akanitolea karatasi ya juu kabisa. Tiki tatu, alama imeandikwa kwa peni nyekundu chini, pembeni peupe kabisa. Akaiangalia na yeye kidogo kama ndo anaiona. Akairudisha, akafunga zipu, akasema, "Hata majina yao sijayashika, na semista inaisha."