Kichwa Kilivyoniponza Bulgaria

Sisi watu wa Moshi tukiwa ughaibuni tuna taabu moja: kila mtu anadhani theluji ni mali ya ukoo wetu. Nilikuwa Munich, Januari 2023, na kila Jumatatu wenzangu kazini walirudi kutoka Austria, kuteleza thelujini kwa mbao za skii, wakichechemea kwa raha, wakaniuliza, "Wewe wa Kilimanjaro, huchezi skii?" Theluji ya Kilimanjaro nimeiona tangu utotoni kama unavyoiona benki: ipo pale, inang'aa, na haikuhusu.

Nikapiga hesabu za Austria, nikafunga kompyuta. Ndipo nikaikuta Bansko, mji mdogo wa Bulgaria chini ya milima ya Pirin, ambako wakati ule euro moja ilikupa karibu leva mbili, pesa yao ya wakati huo. Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga.

"Shemeji, tunakwenda kucheza skii."

"Shemeji, mimi friji likifunguliwa tu navaa sweta."

Nikamtajia bei. Akauliza tunaondoka lini.

Mwenyekiti wa safari, katibu na mhasibu, wote nilikuwa mimi. Kutoka Sofia, mji mkuu wao, kuna basi, muda wa saa tatu hivi umefika. Lakini mwenyekiti alishaona treni kwenye ramani: unapanda ya kawaida hadi mji wa Septemvri, halafu kitreni cha reli nyembamba, upana milimita 760, kinachojikokota milimani kwenda Bansko kupitia Avramovo, mita 1,267, kituo kilicho juu kuliko vyote katika nchi za Balkani. "Mandhari, shemeji," nikamwambia. Kwamba kitreni chenyewe hula kama saa tano, hilo nililimeza.

Septemvri tukaingia behewani, tukapanga mabegi. Kondakta alikuwa mlangoni anatafuna mbegu za alizeti, mdomo umejaa. "Bansko?" nikamuuliza ili kuhakikisha. Akatikisa kichwa kushoto, kulia, taratibu, kwa uso wa upole kabisa. Tukashusha mabegi yote manne. Treni ikaondoka, na yeye dirishani ametukodolea macho, mikono kaitandaza, kama mshenga aliyeona bwana harusi anaruka ukuta.

Ndugu zangu, Bulgaria kutikisa kichwa ni "da", yaani ndiyo. Kukiinua juu ni hapana. Kwenye daftari langu la mipango bei ya soksi ilikuwemo. Hilo halikuwemo.

Treni za njia ile kwa siku unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Shemeji akakaa juu ya begi, kofia mbili kichwani, akitazama ukuta wa stesheni. "Mandhari," akasema.

Tulifika Bansko usiku, tena mandhari yote tuliipita gizani. Mama mwenye nyumba tuliyopanga akatuonyesha sufuria ya maharage, akauliza kwa ishara kama tutakula. Mimi si nimeshajifunza? Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Akafunika sufuria, akazima taa, akaenda kulala. Kumbe waliozoea wageni huzisoma ishara kwa mtindo wetu ili kuturahisishia. Yeye alikuja kwangu, mimi nimekwenda kwake, tumepishana njiani. Shemeji hakusema neno. Alilala na kofia zake.

Asubuhi, foleni ya gondola, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu mlimani. Inayotoka mjini ni moja tu, na mji mzima unataka kupanda saa ile ile. "Hiki kivuko cha Kigamboni," shemeji akanong'ona. Huko juu, Banderishka Polyana, nikafungwa mbao miguuni na kukabidhiwa mwalimu mzee, masharubu yameganda. Akaninyooshea kidole bondeni, akauliza kitu kwa Kibulgaria. Bondeni watoto wa miaka mitano walikuwa wanapita kama risasi.

Pale masomo yote ya Septemvri yakanitoka, nikabaki na kichwa nilichozaliwa nacho. Nikakitikisa: hapana, mzee wangu, hapana, hapana!

Uso ukamchanua. "Da!" akasema, akanipa kibao cha mgongo.

Mbao zikaanza safari bila kuniaga. Upepo ukanijaa mdomoni, miguu kila mmoja umeshika wilaya yake, na nyuma yangu huko juu nikasikia sauti ya Ngamiani, kwa mara ya kwanza ina furaha:

"Shemejiii! Mandhariii!"