“Upelelezi haujakamilika” hadi lini?

Mama mdogo ana daftari la shule lenye tarehe tu ndani. Kila mara mwanawe alipofikishwa mahakamani aliiandika tarehe, na pembeni yake neno moja: “bado”. Nimezihesabu, zipo 41.

Binamu yangu alikuwa mhasibu. Alishtakiwa kwa utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana kwa sheria yetu ya Tanzania Bara. Siku ya kwanza nilikuwepo. Karandinga lilifika saa tatu asubuhi, mahabusu wakashuka wawili wawili na pingu mikononi. Akasomewa mashtaka, kisha hakimu akamwambia hatakiwi kujibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Wakili wa Serikali akasimama: upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Dakika tano hazikufika. Mama mdogo akanivuta shati, “Mwanangu, mbona hawajamwuliza kitu?”

Baada ya miezi 19 mashtaka yaliondolewa, Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akisema hana nia ya kuendelea nayo. Hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kusimama kizimbani. Kazi ilishakwenda, na mtoto aliyemwacha ananyonya alimkimbia akaenda kujificha nyuma ya bibi yake.

Nikisimulia haya, huwa naambiwa haki za binadamu ni mambo ya kuletewa. Yameletwa na nani? Tanzania yenyewe ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na ibara yake ya 9 inasema kuwaweka watu mahabusu wakisubiri kesi kusiwe ndiyo kanuni ya jumla. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu tuliuridhia mwaka 1984, na mahakama inayousimamia iko Arusha. Kuna pia ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu, inayokataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Majaji wetu wenyewe walikwisha kulisema hili. Katika shauri la Daudi Pete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliusoma Mkataba wa Afrika sambamba na Katiba, ikakifuta kipengele kilichomnyima dhamana mshtakiwa huyo wa unyang'anyi. Ndiyo maana mwaka 2020 uliniuma sana. Mwezi Mei Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, orodha ikabaki.

Naielewa hofu iliyopo. Wapo washtakiwa watakaotoroka, wapo watakaowatisha mashahidi, na ndugu wa marehemu wana haki ya kuogopa. Basi mwendesha mashtaka amweleze jaji hofu hiyo, atoe na sababu, jaji apime. Vuka Namanga uone: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Hata mshtakiwa wa mauaji huko husikilizwa ombi lake. Kwetu, kwa makosa ya orodha ile, jaji amefungwa mikono tangu bungeni. Anaweza kuwa na mbele yake mama anayenyonyesha, au mzee wa miaka 80 asiye na hati ya kusafiria, na asiwe na la kufanya.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Nilifurahi, hadi nilipofika kwenye neno “isipokuwa”. Makosa mazito yameachwa nje ya katazo hilo. Maana yake mwenye kesi ndogo, ambaye angepata dhamana akalala kwake, analindwa dhidi ya upelelezi usiokwisha, na asiye na dhamana kabisa ndiye anayebaki kuletwa na karandinga kila baada ya wiki mbili kusikia maneno yaleyale.

Bunge likiifungua tena sheria hii, lianzie kwenye hilo “isipokuwa”. Kama upelelezi haujakamilika na mtu hawezi kupewa dhamana, Serikali iambiwe kwa siku za kuhesabika lini lazima iwalete mashahidi wake, na siku hizo zikipita, jaji awe na ruhusa ya kumfungulia mlango.