Jiko la koili kwenye LUKU ya pamoja

Jamani, wanafunzi mliopanga Sinza na Changanyikeni, Dar es Salaam, maharage hayapikwi kwa koili kwenye nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla! Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa 3 imekula uniti 3. Taa ya wati 10 ingewaka saa 300 ndipo ifikie hapo. Na mchango mnatoa sawa! Uniti zinaisha, umeme unakatika saa nane usiku, kesho mtihani, mtu anabonyeza tarakimu 20 za tokeni kwa tochi ya simu; akikosea moja, anaanza upya. Inaudhi mno. Loweka maharage usiku kucha, pikia mtungi wa gesi wa kilo 6. Au kila chumba kifungwe mita yake ndogo, isomwe kila Jumapili, mtu alipie uniti zake.